Mlinzi Mdogo wa Baridi

Wahenga wetu walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Nia yangu katika insha hii, msomaji, ni kukusimulia historia ya kitu kidogo ambacho watu wengi hukipita bila kukiona, na wale wakionao aghalabu hukidharau. Kitu hicho ni swichi ya presha, ile iwekwayo juu ya bomba la mtambo wa baridi ili kuiamuru feni izunguke au ipumzike. Hutosha katika kiganja cha mkono. Ina nyaya mbili za umeme na tundu moja la kuungia bomba. Haina taa wala mlio wa kujitangaza. Lakini siku ikifa, samaki wa mvuvi huoza ghalani, maziwa huchachuka, na dawa zilizowekwa katika chumba cha baridi hupoteza nguvu zake. Tena fundi aitwaye kuibadili, asipojua asili yake, yamkini ataleta msiba mkubwa kuliko ule alioitwa kuuondoa. Kwa nini kubadili kitu kidogo namna hii kuhitaji kuijua historia? Hilo ndilo swali nitakalojaribu kulijibu.

Yatupasa kwanza tufahamu jinsi baridi inavyofanywa. Watu husema kwamba jokofu hutia baridi, lakini kwa hakika baridi haitiwi mahali. Joto ndilo liondolewalo. Mtungi wa udongo wa nyanya zetu ulilifanya jambo hili kabla ya vitabu kulieleza. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na kila tone liondokalo huchukua joto kidogo la maji yaliyobaki ndani. Mtambo wa baridi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hauachi mvuke wake upotee. Umajimaji ulio ndani ya mabomba hugeuka mvuke katika chumba cha baridi na kulibeba joto la humo. Kisha pampu iitwayo kompresa huuvuta mvuke huo, huubana kwa nguvu, na kuupeleka nje katika mabomba yaliyopindwapindwa, yaitwayo kondensa. Hapo feni huyapepea mabomba. Joto hutoka na kwenda zake hewani. Mvuke hurudi kuwa umajimaji, nao hupita katika tundu jembamba kurejea ndani na kuanza safari upya.

Sasa zingatia neno moja ambalo ndilo kiini cha habari yetu. Presha ni nguvu ambayo hewa au mvuke uliofungiwa huzisukumia kuta za chombo chake. Ndani ya kondensa, presha na joto ni kama pacha waendao bega kwa bega: joto likipanda, presha hupanda, joto likishuka, presha hushuka. Ikiwa feni imesimama katika jua la mchana wa Mombasa, joto hukosa njia ya kutoka, presha hupanda, kompresa hutaabika kama mchukuzi aliyetwikwa magunia mawili, na mwisho huungua. Waweza kufikiri basi kwamba dawa ni kuiacha feni izunguke usiku na mchana. La, hasha! Katika usiku wa baridi wa mwezi wa Julai huko Nyahururu, feni isiyopumzika huipoza kondensa kupita kiasi. Presha hushuka mno, umajimaji hukosa nguvu ya kujipenyeza katika tundu lile jembamba, na chumba cha ndani hukosa chakula chake cha baridi. Ajabu ilioje, kwamba upepo mwingi nje waweza kuleta joto ndani! Kwa hiyo lazima awepo mlinzi wa kuipeleleza presha saa zote na kuiambia feni, "Sasa zunguka," na baadaye, "Sasa pumzika." Leo mlinzi huyo ni swichi. Zamani alikuwa mtu, na mara nyingine mtu huyo alikaribia kulipa kwa roho yake.

Katika zama za kwanza baridi haikutengenezwa, bali ilichukuliwa mahali ilipokuwapo. Mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, alikata barafu katika maziwa wakati wa kipupwe na kuiuza katika nchi za joto. Katika mwaka 1833 merikebu yake, Tuscany, iliondoka Boston na shehena ya barafu tani 180 hivi, ikasafiri miezi minne hadi Calcutta, Bara Hindi. Ilipofika, tani 100 hivi zilikuwa zingali barafu. Watu walistaajabu sana. Lakini tazama hesabu hiyo, msomaji: karibu nusu ya mali iliyeyuka njiani, na hapakuwa na mtu ambaye angaliweza kuizuia. Barafu hiyo ilikuwa kama akiba ya fedha ambayo kila siku hupungua na haiongezwi.

Wakati huo huo wenye elimu walikuwa wakitafuta njia nyingine. Mwalimu wa tiba wa Scotland, William Cullen, alikwisha kuonyesha katika karne ya 18 kwamba umajimaji uitwao etha, ukifanywa kugeuka mvuke kwa haraka, waweza kugandisha maji. Katika mwaka 1834 Mmarekani aliyekaa London, Jacob Perkins, alipata hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi kwa mtambo uliovuta mvuke, ukaubana, na kuurudisha kuwa umajimaji. Mzunguko ule nilioueleza juu ndio huo wa Perkins. Huko Florida tabibu John Gorrie alitaka kupoza vyumba vya wagonjwa wake wa homa. Akaunda mtambo wa barafu uliotumia hewa iliyobanwa, akapata hati yake katika mwaka 1851. Alikosa fedha za kuueneza, wengine wakamcheka, naye akafa katika mwaka 1855 hali hajauona mtambo wake ukienea.

Kutengeneza baridi kulikuwa jambo moja. Kuidumisha kukawa jambo jingine. James Harrison alikuwa mwenye gazeti katika mji wa Geelong, Australia, na fundi hodari wa mitambo ya barafu. Katika mwaka 1873 alipakia nyama katika merikebu Norfolk ili ipelekwe London ikiwa imeganda. Baridi haikudumu, nyama ikaoza njiani, na mtu yule akafilisika. Ujuzi wa kuleta baridi alikuwa nao. Alichokosa ni njia ya hakika ya kuilinda baridi hiyo, siku baada ya siku, katika safari ndefu ya baharini.

Miaka tisa baadaye jaribio jingine lilifanywa. Tarehe 15 Februari, 1882, merikebu ya tanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na mizoga karibu 5,000, wengi wao kondoo, na mtambo wa kupoza hewa ndani ya tumbo lake. Walipofika katika bahari za joto, nahodha John Whitson aligundua kwamba hewa ya baridi haienei sawasawa katika ghala. Hapakuwa na chombo cha kuirekebisha. Basi nahodha mwenyewe alitambaa ndani ya mfereji wa hewa akiwa na msumeno, akakata matundu mapya ili hewa ipite. Aliifanya kazi hiyo, lakini baridi ikamshinda nguvu, akalegea humo ndani. Mabaharia walimvuta nje kwa kamba, wakamfufua kwa shida. Tarehe 24 Mei, baada ya siku 98, Dunedin ilifika London, na katika mizoga yote hiyo ni mmoja tu uliokataliwa. Tangu hapo nchi za mbali ziliweza kuuziana nyama kuvuka bahari.

Watu humsifu nahodha Whitson kwa ushujaa, nao wana haki. Lakini mwenye kutafakari atauliza: ni lazima mtu ajitie katika mfereji wa baridi kila hewa isipopita vizuri? Mtambo ambao usalama wake hutegemea ushujaa wa mtu kila usiku haujakamilika bado. Mtu husinzia, huugua, husahau. Ilihitajika kazi ya kuangalia na kazi ya kutenda zitiwe katika chuma.

Kazi ya kuangalia ilitangulia. Mfaransa Denis Papin alikwisha kuunda katika mwaka 1679 chungu cha kupikia kwa mvuke uliobanwa, nacho alikiwekea kizibo chenye uzito. Mvuke ulipozidi, ulikiinua kizibo na kutoka, chungu kisipasuke. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini kizibo hakikuweza kusema presha ni kiasi gani. Katika mwaka 1849 fundi mwingine wa Ufaransa, Eugène Bourdon, alifumbua fumbo hilo kwa mrija mmoja wa shaba nyeupe au ya njano uliobapwa na kupindwa kama mundu. Presha ikiongezeka ndani, mrija hutaka kunyooka. Ikipungua, hurudi kujikunja. Na ncha yake huuvuta mshale juu ya sahani yenye namba. Saa za presha uzionazo leo katika gereji na viwandani, nyingi ni watoto wa mrija wa Bourdon. Hata hivyo, mshale husema tu, hautendi. Kama mtazamaji amelala, mshale utapita alama ya hatari bila ya kumwamsha.

Kazi ya kutenda ililetwa na ndoa ya vitu viwili: mvukuto na umeme. Wahunzi wetu waujua mvukuto. Ni mfuko unaofumuka na kusinyaa ili kupuliza moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Weston Fulton alifanikiwa kutengeneza mvukuto mdogo wa chuma chembamba usio na mshono. Ukiutia mvuke, hujinyoosha; ukiupunguzia, hujikunja; tena hausukumi mshale tu, bali wasukuma kwa nguvu yenye kufaa. Sasa fikiri: mvukuto huo, au kiwambo cha chuma kama ngozi ya ngoma, umeunganishwa na bomba la kondensa. Upande mwingine ipo springi inayoupinga. Presha ikishinda springi, mvukuto hukisukuma kijiti, kijiti hugusanisha vyuma viwili vya umeme, na feni huanza kuzunguka. Presha ikishuka, springi hushinda, vyuma huachana, na feni husimama. Hiyo ndiyo swichi yetu. Haina akili, lakini haisinzii.

Katika swichi hiyo zimo namba mbili, nazo hazina budi kujulikana. Namba ya kwanza ni presha ya kuwasha feni. Ya pili, iliyo chini yake, ni presha ya kuizima. Kwa nini zisiwe moja? Kwa sababu zingalikuwa moja, feni ingaliwaka na kuzimika kila nukta, kama mtoto achezeaye mlango, na vyuma vya kugusana vingaliungua upesi. Nafasi iliyo kati ya namba hizo ni nafasi ya subira. Ikiwa nyembamba mno, mtambo hauna utulivu. Ikiwa pana mno, presha huyumba huku na huku.

Sasa tumefika mahali ambapo historia inamkamata fundi mkono. Namba hizo mbili hazikuteremka kutoka mbinguni. Hutokana na aina ya gesi iliyomo ndani ya mabomba, na gesi hizo zimebadilishwa mara kwa mara kwa sababu nzito.

Mitambo ya kwanza ya nyumbani ilitumia gesi zenye sumu. Katika mwaka 1929, mjini Chicago, watu walikufa majumbani mwao kwa gesi iliyovuja kutoka katika majokofu. Ndipo Thomas Midgley na wenzake, huko huko Marekani, walipotafuta gesi isiyo sumu wala kuwaka moto. Katika mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia, akaivuta gesi yake mpya ndani ya mapafu, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Kwa tendo hilo moja alionyesha mambo mawili, kwamba gesi haiui wala haiwaki. Gesi za jamaa hiyo, zilizouzwa kwa jina la Freon, zikaenea duniani.

Lakini kisichoua chumbani chaweza kudhuru mbinguni. Katika mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizo, zikipanda juu sana, huvunja tabaka la ozoni, ambalo ni mwavuli wetu dhidi ya miali mikali ya jua. Wengi walibisha. Katika mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika imepungua vibaya. Tarehe 16 Septemba, 1987, mapatano yalitiwa sahihi mjini Montreal, Kanada, ya kuzipunguza gesi hizo, na baadaye mataifa yote ya dunia yakajiunga. Nasi tunalo fungu katika habari hii, maana ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoyasimamia mapatano hayo iko Nairobi.

Gesi zilipobadilishwa, presha nazo zilibadilika. Tuchukue mzigo wa hewa ya kawaida kando ya bahari kuwa 1, na kondensa iwe na joto la nyuzi 40. Gesi ya zamani, R-12, hufika presha kati ya 9 na 10. Mrithi wake, R-134a, takriban 10. R-22, takriban 15. Na R-410A, iliyochukua mahali pa R-22 katika mitambo mingi, takriban 24. Joto ni lile lile, bali presha ni mbalimbali. Kila gesi ina lugha yake, na swichi hufahamu lugha moja tu.

Tuseme swichi ya feni imekufa katika mtambo wa R-22 wa ghala la samaki, na fundi mwenye haraka akatia swichi ya R-410A iliyopangwa kuwasha feni presha ifikapo 26. Nyuzi zake za parafujo zimeingia sawasawa, nyaya zimefika, umbo ni lile lile. Amelipwa, amekwenda zake. Mchana jua linapanda. Presha inapita 15, inafika 18, inafika 20, na swichi bado yasema, "Subiri." Kwa R-22, presha ya 26 maana yake ni joto lipitalo nyuzi 60. Kompresa itazimwa na mlinzi mwingine wa hatari, kama yupo. Kama hayupo, itaungua. Akifanya kinyume, akatia swichi ya R-22 katika mtambo wa R-410A, feni haitapumzika hata katika usiku wa baridi. Swichi haikukosea katika hali zote mbili. Ilitii amri ya nchi nyingine.

Kwa hiyo fundi mwelekevu, kabla ya kununua swichi mpya, husoma kibao cha mtambo ajue ni gesi gani imo ndani. Huandika namba ya kuwasha na namba ya kuzima. Hupima kama swichi ya zamani kweli ina hatia, kwani mara nyingi feni yenyewe ndiyo iliyoungua, au waya umekatika, au kondensa imezibwa na vumbi, na swichi yasingiziwa bure. Wala haifungui kwa pupa, maana baadhi ya swichi zimekaa juu ya vali ijifungayo yenyewe, na nyingine zikifunguliwa huachilia gesi yote, ikamwunguza mkono kwa baridi na kuchafua hewa ya wote. Mwisho, baada ya kuitia mpya, hakimbilii malipo. Husimama na saa yake ya presha mpaka ameiona feni ikiwaka na kuzimika kwa namba zilizoandikwa.

Usidhani, msomaji, kwamba historia hii imekwisha. Mwezi wa Oktoba, 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, wakakubaliana kupunguza gesi za jamaa ya R-134a na zile zilizomo katika R-410A, kwa kuwa huzidisha joto la dunia ijapokuwa haziharibu ozoni. Zinazoletwa badala yake nyingine ni ngeni na nyingine ni za kale zilizorudi. Iko propani, ambayo huwaka moto, na swichi yake haina budi kufunikwa ili cheche isiifikie gesi iliyovuja. Iko kaboni dioksaidi, ambayo presha yake katika nchi za joto hupita 90. Kila gesi ijayo italeta namba zake, na mafundi watakaoyajenga maghala na mahospitali ya kesho ni ninyi mnaoketi madarasani leo.

Basi siku moja ukikiona kidude hicho juu ya bomba, na nyaya zake mbili, kumbuka kwamba ndani yake wamo watu wengi: tabibu aliyekufa akichekwa, mwenye gazeti aliyefilisika kwa nyama iliyooza, nahodha aliyevutwa kwa kamba, na wale waliouawa na hewa ya majokofu yao wenyewe. Namba mbili zilizopigwa juu ya ubavu wake ni muhtasari wa taabu yao. Azisomaye kabla ya kushika spana huilinda kazi yao. Azipuuzaye huianzisha taabu ile upya, na gharama yake hulipwa na mvuvi, mgonjwa na mtoto, ambao hawakuwapo alipokosea.